Magadi, dadu na mwanzo wa uhai

Bibi yangu alihifadhi magadi kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, juu ya kichanja, mbali na mvuke wa sufuria. Vipande vilikuwa vya kijivu chenye wekundu kidogo, na ukikilamba kimoja, nasi watoto tulilamba sana, ulimi uliwasha na kuteleza kama uliogusa sabuni. Siku ya makande alivunja kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akakiloweka kwenye bakuli, akasubiri uchafu utue chini, kisha akamimina yale maji ya juu tu sufuriani. Povu lilipanda hadi ukingoni. Maharage yaliyoshinda motoni tangu asubuhi bila kutii yakaanza kulegea. Nilimuuliza siku moja magadi yanafanya nini mle ndani. "Yanayaambia yaive," alinijibu, akaendelea kuchochea moto.

Nimefundisha kemia na biolojia sekondari kwa miaka 17, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwahi kuliunganisha kopo lile na somo linalonipa shida kuliko yote: chanzo cha uhai. Lipo kidato cha nne, ndani ya mada ya mageuko, na limetengewa kurasa chache. Wanafunzi hukariri majina ya nadharia, hufanya mtihani, maisha yanaendelea. Kitabu ni cha Kiingereza na ubaoni naandika Kiingereza, lakini maswali ya kweli huja kwa Kiswahili, tena mara nyingi kengele ikiwa imeshagonga.

"Mwalimu, samahani," binti mmoja aliniambia, madaftari yake kayakumbatia kifuani. "Ina maana uhai ulitokea kwa bahati tu?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia si bahati, ni kanuni za asili, ni kemia. Aliitikia kwa adabu, akaondoka, na mimi nikabaki pale nikijua kwamba nimemfungia mlango. Kwa jibu langu angeweza kuuliza palepale: hizo kanuni zilifanya nini hasa? Na bahati nayo haikuwa na kazi yoyote? Nimelibeba swali hilo tangu siku ile, na mengi ninayoyaandika hapa nimeshamweleza yeye na wenzake, kwa vipande vipande.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu linatupotosha. Kwetu bahati ina upande. Mwenye bahati kapata, asiye na bahati kakosa. Ukisema uhai ulitokea kwa bahati, umeshadokeza kwamba kuna aliyekuwa akiungoja. Sadfa inafaa zaidi: mambo mawili yamekutana bila aliyeyapangia kukutana. Na ninaposema kanuni nina maana ya kile kinachoifanya chumvi ikikauka ijipange kwenye vijisanduku vyenye pembe sawa, iwe Bagamoyo au pwani ya nchi nyingine yoyote, pasipo fundi wala rula.

Watu wengi huweka hivi viwili kwenye mizani kama wagombea wa kiti kimoja: ama sadfa, ama kanuni. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba ushindani hapo haupo. Hakuna hatua hata moja ya kemia ambayo haina vyote viwili ndani yake. Kinachofaa kuulizwa ni sadfa ilikuwa na uwanja mpana kiasi gani, na nini kilikuwa kikishika kile ambacho sadfa ilikitupa.

Hoja maarufu dhidi ya chanzo cha asili cha uhai ni hoja ya hesabu, na ni haki kuieleza kwa nguvu zake zote. Chukua protini ndogo yenye asidi amino 100 zilizoungana kama shanga. Kila nafasi inaweza kukaliwa na aina yoyote kati ya 20. Mipangilio inayowezekana ni 20 kwa kipeo cha 100, namba yenye tarakimu 131. Ukitaka mpangilio mmoja maalumu utokee wenyewe, ungojee hadi ulimwengu uchakae na bado usiuone. Mwanaastronomia Mwingereza Fred Hoyle alilinganisha jambo hilo na kimbunga kinachopita kwenye yadi ya vyuma chakavu na kuacha nyuma yake ndege ya Boeing 747 iliyokamilika. Hoyle hakuwa mtu wa mchezo. Ndiye aliyeonyesha jinsi kaboni inavyopikwa ndani ya nyota. Kuzidisha kwake hakuna kosa. Kosa limekaa kabla ya kuzidisha: hesabu hiyo inadhani kwamba vyote vilirushwa mara moja, na kwamba kila mrusho ukishindikana, kila kitu kinasahaulika na kuanza upya.

Ili darasa lione hilo nilinunua dadu kumi za ludo. Nikawauliza: mkizirusha zote kwa pamoja, mtangoja kwa muda gani zilale sita zote kumi? Uwezekano ni mmoja katika 60,466,176. Ukirusha mara moja kila sekunde kumi, usiku na mchana, bila kula, ni miaka zaidi ya 19 kwa wastani. Kisha nikabadilisha sharti moja tu. Kila dadu ikilala sita, iacheni mezani; rusheni zilizobaki. Kundi la kwanza lilimaliza kwa mirusho 14, la pili 21, la tatu 15. Ukipiga hesabu, wastani ni kati ya 16 na 17. Dadu ni zilezile na sadfa ni ileile, lakini kutoka miaka 19 tumefika dakika chache, kwa sababu tu kinachopatikana hakipotei.

Nilikuwa karibu kufunga kipindi nikiwa nimeridhika. Yule binti akanyoosha mkono.

"Lakini Mwalimu, hizo sita tumezishika sisi. Kule mwanzoni nani alizishika? Na nani alisema ni sita?"

Sijawahi kusikia swali zuri zaidi ya hilo katika darasa langu. Aligusa sehemu mbili ambazo mfano wa dadu unadanganya. Ya kwanza, sisi tulichagua sita kabla ya kurusha, na asili haikuchagua kitu kabla. Ya pili, mikono ya kushika ilikuwa yetu. Sehemu ya kwanza inajibika bila taabu: hapakuwa na mpangilio mmoja uliotakiwa, palikuwa na mipangilio mingi iliyoweza kufanya kazi fulani hata kwa ubovu, na chochote kilichofanya kazi kidogo kilitosha kuanzia. Sehemu ya pili ndiyo ilinirudisha kwenye kopo la bibi.

Jumamosi ile nilikwenda sokoni, nikanunua fungu la magadi, nikayaloweka, nikayachuja kwa kitambaa. Maji yale niliyagawa kwenye sahani mbili za bati, nikaziweka dirishani mwa maabara. Jumanne fuwele zilikuwa zimeshaonekana. Kwenye sahani ya kwanza zilianzia ukingoni, mahali palipokuwa na mkwaruzo. Kwenye ya pili zilianzia katikati, juu ya kitu kidogo cheusi, labda mguu wa mdudu. Toka hapo zilisambaa kama sindano nyembamba, moja ikiegemea nyingine, mithili ya vijiti vya ufagio vilivyofunguliwa kamba.

Niliwaita wanafunzi waje kuangalia kwa karibu, pua zao karibu ziguse bati. Mahali pa kuanzia ni sadfa: mkwaruzo hapa, mguu wa mdudu pale. Umbo la sindano si sadfa hata kidogo. Ndani ya yale maji chembe za sodiamu na za kaboneti zinagongana ovyo mabilioni ya mara kwa sekunde. Karibu migongano yote haileti chochote. Chembe zinagusana na kuachana. Ila chembe inayogusa fuwele mahali panapoifaa inashikwa, na iliyotua vibaya inarudi majini. Hakuna anayekaa kupiga hesabu ya uwezekano wa chembe zote za sahani ile kujipanga hivyo kwa mrusho mmoja, maana hazikujipanga kwa mrusho mmoja. Kushika kumo ndani ya namna vitu vyenyewe vilivyo. Nilimtazama binti wangu wa swali. Hakusema kitu, lakini hakutoka dirishani hadi kengele ilipogonga.

Fuwele haiishi, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimesema inaishi. Inaonyesha kitu kimoja tu, kwamba sadfa ikiwa ndani ya kanuni huacha alama zinazorudiwa. Kinachofuata ni kuuliza kama jambo hilo linafika hadi kwenye vitu ambavyo miili yetu imejengwa kwavyo.

Mwaka 1952, Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafunzi aitwaye Stanley Miller alimwomba Harold Urey, mshindi wa Nobel ya kemia ya 1934, amruhusu kujaribu jambo ambalo Urey mwenyewe alihofia lingempotezea muda. Miller aliunganisha chupa mbili za kioo kwa mirija. Katika ndogo alichemsha maji. Katika kubwa aliweka methani, amonia na haidrojeni, na kupitisha cheche za umeme bila kukoma. Mvuke ulipanda, ukapita kwenye cheche, ukapoozwa, ukarudi chini, ukapanda tena. Baada ya siku moja maji yalikuwa ya waridi. Mwisho wa wiki yalikuwa mekundu mazito, yenye tope. Ndani yake alikuta asidi amino, glaisini na alanini zikiwamo. Makala yake ilitoka 1953, na Urey alikataa jina lake kuwekwa, ili sifa zake zisimfunike kijana.

Jaribio lile limekosolewa, na ukosoaji mmoja una uzito: wataalamu wengi leo wanaona hewa ya dunia changa ilijaa zaidi kabonidayoksaidi na naitrojeni kuliko methani na amonia, na kwenye hewa ya namna hiyo mavuno hupungua. Nakubali. Lakini kilichonishika mimi si kama Miller alipatia hewa ya zamani. Ni kwamba chupa ile ingeweza kutoa takataka milioni za kila namna, na badala yake ilitoa, pamoja na lami nyingi, vitu vilevile ambavyo samaki na muhogo na mimi tunavitumia. Cheche ni sadfa tupu. Kilichotokea baada ya cheche hakikuwa huru kuwa chochote.

Halafu ikaja shahidi kutoka mbali. Tarehe 28 Septemba 1969 kimondo kilipasuka juu ya Murchison, mji mdogo wa jimbo la Victoria nchini Australia. Kwa jumla ziliokotwa takribani kilo 100 za mawe, na waliookota wakiwa wa kwanza walisema yananuka kama spiriti. Ndani ya mawe hayo zimetambuliwa asidi amino zaidi ya 70, nyingi zisizotumiwa na kiumbe chochote duniani, ushahidi kwamba hazikutokana na mikono iliyoyashika. Miongoni mwake zilikuwapo glaisini na alanini, zilezile za kijana wa Chicago. Jiwe lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni nne na nusu na chupa ya wiki moja vilikuwa vimefika kwenye jibu lilelile.

Sasa nifike kwenye usiku ulionifanya niandike.

Chombo cha Marekani kiitwacho OSIRIS-REx kilikwenda hadi kwenye asteroidi, yaani mwamba unaolizunguka jua, ndogo iitwayo Bennu, kikachota udongo wake, na tarehe 24 Septemba 2023 kapsuli yenye gramu 121.6 ikatua jangwani Utah. Huo ni uzito wa kipande cha sabuni ya kuogea. Matokeo makubwa ya uchunguzi yalitangazwa mwishoni mwa Januari 2025. Niliyasoma kwenye simu, nimekaa kitandani, umeme umekatika. Asidi amino 14 kati ya 20 zinazojenga protini zetu. Besi zote tano, yaani herufi zinazoandika DNA na RNA, molekuli zinazobeba maelekezo ya urithi. Hayo yalinitosha kunikesha. Lakini chini zaidi kulikuwa na orodha ya chumvi zilizobaki baada ya maji yenye chumvi kukauka taratibu ndani ya mwamba mama wa Bennu, mwanzoni kabisa mwa mfumo wa jua. Kaboneti, fosfeti, chumvi ya kawaida. Na trona, ambayo haikuwahi kuonekana kabla kwenye kitu chochote kilichotoka nje ya dunia.

Trona ni magadi. Ni jina la wataalamu wa miamba kwa kitu kilekile kilichokuwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilizima simu, nikakaa gizani. Mahali ambapo hapajawahi kuwa na mtu wala mdudu, kabla dunia haijapoa, maji yalikauka, na sodiamu ikashikana na kaboneti kwa mpangilio uleule wa sahani zangu za bati.

Mpaka hapo ungeweza kusema: sawa, ni kufanana tu, magadi yanahusiana nini na uhai? Yanahusiana, na sehemu hii naipenda kuliko zote.

Uhai unahitaji fosforasi. Uti wa DNA ni fosfeti na sukari zikipokezana. Utando wa kila seli una fosfeti. Nguvu inayokunja kidole chako ukisogeza maandishi haya inabebwa na fosfeti. Shida ni kwamba fosfeti ikikutana na kalsiamu majini hushikamana nayo na kuwa jiwe. Si lazima uende mbali kuliona jiwe hilo. Mifupa na meno yako ni ndugu yake. Kwa kuwa kalsiamu imejaa kila mahali, kwenye mito, maziwa na bahari fosfeti iliyo huru ni kidogo mno, na wataalamu walihangaika na jambo hilo kwa miongo mingi. Kemia ya uhai ingeanzaje bila fosforasi? Charles Darwin mwenyewe, akimwandikia rafiki yake Joseph Hooker mwaka 1871, aliwaza juu ya kidimbwi cha uvuguvugu chenye amonia na chumvi za fosforasi, mwanga, joto na umeme. Alihisi kwamba fosforasi lazima iwemo. Hakuwa na njia ya kueleza ingekaaje humo bila kugeuka jiwe.

Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walitoa jibu lao mwishoni mwa 2019, na kati ya maji waliyoyataja limo Ziwa Magadi la Kenya. Katika ziwa lenye kaboneti nyingi, kaboneti huiwahi kalsiamu. Inaishika, inaizamisha kama chokaa, na fosfeti inabaki haina wa kumfunga. Jua likiendelea kukausha maji, fosfeti inazidi kujikusanya, hadi maelfu ya mara ya kiwango cha bahari. Maziwa ya namna hiyo hupatikana kwenye maeneo ya volkano, na dunia changa ilikuwa na volkano kila upande.

Nilipoielewa hoja hiyo nilicheka peke yangu kwa furaha, maana ndicho kilichokuwa kikitokea kwenye makande. Kalsiamu ndiyo inayokaza kuta za seli za maharage. Inafunga nyuzi zake kama mishono. Ukiweka magadi, kaboneti inainyang'anya ile kalsiamu, sodiamu inaingia mahali pake, mishono inaachia. Bibi alikuwa na ziwa dogo la Bonde la Ufa ndani ya sufuria yake.

Ziwa Natron nimelifikia mara moja, miaka kadhaa iliyopita, na walimu wenzangu watatu. Tulilala Engaresero, chini ya Oldoinyo Lengai, ambao kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayotapika lava ya kaboneti: ujiuji mweusi, mwepesi kama oili chafu ya gari, wenye joto la nyuzi kama 500 hadi 600 tu wakati lava za kawaida hupita 700 na nyingi hupita 1,000. Ikishatoka na kukutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Mvua inaiosha, inashuka bondeni, na huko hakuna mto unaotoka. Maji yanaondoka kwa njia ya jua peke yake. Asubuhi na mapema tulitembea juu ya ganda la ziwa. Lilikuwa likikatika chini ya viatu kama ukoko wa wali, na chini yake maji yalikuwa mekundu kwa vijidudu wanaopenda chumvi. Kwa mbali flamingo walikuwa mstari mwembamba wa waridi. Karibu flamingo wote wa ile aina ndogo wa Afrika Mashariki huzaliwa pale, kwenye maji yanayounguza ngozi ya mtu. Wakati ule sikujua habari za fosfeti. Niliona tu mahali pakali ambapo uhai umejaa, nikapiga picha, nikasikia joto, nikarudi garini.

Sasa nirudi kwa sadfa, nisije nikaonekana nimeizika. Haijazikwa. Inaonekana vizuri zaidi mahali kanuni zinapokuwa haziegemei upande.

Asidi amino nyingi zinaweza kujengwa kwa maumbo mawili, kama kiatu cha kushoto na cha kulia: sehemu zilezile, ila moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo. Chupa ya Miller hutoa yote mawili sawa kwa sawa. Sampuli za Bennu nazo zimekutwa na mchanganyiko unaokaribia nusu kwa nusu. Lakini protini za viumbe wote hutumia za kushoto. Bakteria wa Natron, mbuyu, wewe. Wapo wanaotafuta kanuni iliyosukuma upande huo, na huenda ipo ndogo. Mimi naona uzito mkubwa upo kwenye wazo jingine: mchanganyiko wa kushoto na kulia haujengi protini nzuri, kwa hiyo kanuni ilidai upande mmoja uchaguliwe, ila haikujali ni upi. Upande mmoja ukatangulia kidogo, ukashikwa, na sasa hakuna njia ya kurudi. Ni sawa na barabara. Lazima wote tuendeshe upande mmoja; kushoto ni kwa sababu ya historia.

Alfabeti ya jeni, yaani namna herufi za DNA na RNA zinavyosomwa kuwa asidi amino, nayo ni hivyohivyo, kwa kiasi. Mwanabiolojia Francis Crick mwaka 1968 alipendekeza kwamba huenda ni ajali iliyoganda: kikundi fulani cha herufi kilisadifu kumaanisha asidi amino fulani, na kila kitu kikajengwa juu yake hadi kubadilisha ikawa kifo. Lakini hata hapo kanuni imeacha vidole vyake. Alfabeti hiyo ikilinganishwa na nyingine zinazobuniwa kwa nasibu kwenye kompyuta, inapunguza madhara ya makosa ya kunakili kuliko karibu zote. Sadfa iliganda, lakini kwanza ilichujwa.

Watu wawili wakubwa wa biolojia waligawanyika juu ya hili, na nimewasikiliza wote wawili kwa miaka. Mfaransa Jacques Monod, Nobel ya 1965, aliona kuzaliwa kwa uhai ni namba iliyotoka mara moja kwenye kamari, na kwamba ulimwengu haukuwa na mimba yake. Mbelgiji Christian de Duve, Nobel ya 1974, aliona kinyume: kemia ikipewa mazingira yale, uhai haukosi kuja, kwa sababu njia ina hatua nyingi sana na hatua nyingi haziwezi kupitika isipokuwa kila moja iwe na uwezekano mkubwa. Hoja hiyo ya de Duve naiona ina nguvu kuliko watu wanavyoipa. Sadfa moja ya ajabu inaweza kutokea. Sadfa elfu za ajabu, moja juu ya nyingine, haziwezi. Kwa hiyo kama hatua zilikuwa elfu, nyingi hazikuwa za ajabu. Kwa hatua za mwanzo, za chupa na vimondo na maziwa ya magadi, nipo na de Duve moja kwa moja. Kadiri tunavyokaribia umbo maalumu tulilo nalo, miguu miwili, vidole kumi, protini za kushoto, namsikia Monod.

Katikati pana pengo, na ninawaambia wanafunzi hivyo bila kulipaka rangi. Hakuna maabara iliyotoka kwenye kemikali tupu hadi kwenye seli inayoishi. Kinachohitajika ni molekuli inayojinakili, maana kunakili ndiko kushika kwa namna ya juu kabisa: kilichopatikana kinarudiwa hata aliyekipata akivunjika. Thomas Cech na Sidney Altman walipata Nobel ya kemia 1989 kwa kuonyesha kwamba RNA haibebi maandishi tu, inafanya pia kazi ya kimeng'enya, yaani kuharakisha kemia. Sol Spiegelman, miaka ya 1960 huko Marekani, aliweka RNA ya kirusi kwenye bomba lenye kimeng'enya cha kunakili, akawa anahamisha tone kutoka bomba moja hadi jingine. Zilizonakiliwa haraka zilizidi. Baada ya mihamisho 74 RNA ile ilikuwa imetupa asilimia 83 ya urefu wake, kila kisichosaidia kunakiliwa haraka. Hapakuwa na seli, wala aliyeichagulia. Lakini kimeng'enya kilikuwa kimeazimwa kutoka kwa viumbe hai, na mkopo huo haujalipwa bado.

Mzazi mmoja alinijia kwa upole kabisa akihofia ninamfundisha mtoto wake kwamba Mungu hayupo. Nilimwambia mimi husali, na kwamba bibi yangu aliyeamini kuliko wote niliowajua hakuwahi kuona ubaya wa kujua kwa nini maharage yanaiva. Kinachonisikitisha ni hoja inayomtafuta Mungu kwenye ukubwa wa namba ya Hoyle, kana kwamba Yeye anakaa mahali ambapo hatujapaelewa, akihama kila tunapopaelewa. Tulizungumza hadi jua likazama. Hatukukubaliana kila kitu, akanishukuru, nikamsindikiza hadi barabarani.

Yule binti hakuwa amemaliza. Wiki iliyofuata alinikuta maabara. "Kama kanuni ni zilezile, Mwalimu, mbona haitokei tena?" Nilimwambia Darwin alijibu hilo kwenye barua ileile: leo kitu kama hicho kikianza kujiunda, kitaliwa papo hapo. Bakteria wamo kila tone. Mwanzo ulikuwa na nafasi ambayo uhai wenyewe umeifunga. Akafikiri kidogo, akasema kwa hiyo tukitaka kuona inabidi tutafute mahali ambapo hakuna wa kuila. Nikamwambia ndiyo maana watu wanatuma vyombo hadi kwenye asteroidi.

Sahani mbili bado zipo dirishani. Jumatatu alikuja na daftari na kipimapembe, akaniomba ruhusa ya kupima pembe kati ya sindano na sindano, sahani ya mkwaruzo kwanza, kisha ile ya mguu wa mdudu. Alikuwa ameshachora jedwali lenye nafasi hamsini.